Sikulogwa, Nilikula

Riwaya yangu ya kwanza iliuawa jikoni kwetu, jioni, na dada yangu wa tumbo moja. Aliiua kwa maneno mawili tu.

Nilikuwa nimeiandika kwenye kaunta buku nne, kwa mkono, miaka miwili mizima. Kidato cha nne nilishamaliza zamani, kazi ya maana sina, mwanga wangu koroboi na baadaye tochi ya simu. Msomaji, kama nawe unaumwa ugonjwa huu wa kuandika, huna haja ya kuelezwa. Watu wanakuona umekaa kivulini na daftari, wanasema kijana wa fulani amekuwa mvivu. Wewe moyoni unasema, subirini tu, mtakuja kuniona.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Katika kijiji kimoja cha mwambao wa Ziwa Nyasa kuna msichana hodari wa mbio, jina lake Neema. Analala mzima, anaamka miguu imekataa. Kuna shangazi mjane mwenye macho mekundu. Mganga anaitwa, vitu vinafukuliwa chini ya kizingiti, shangazi anafukuzwa kijijini usiku wa mvua, na alfajiri Neema anasimama na kutembea. Mwisho ule nilipouandika nililia peke yangu kama mtoto.

Nikampa Dada asome, maana Dada ndiye aliyenifundisha kusoma, kwa kipande cha mkaa na ubao wa mlango. Alisoma siku tatu. Siku ya tatu jioni nikamkuta jikoni anachekecha unga, kaunta buku zangu amezipanga vizuri pembeni mbali na moto. Hakuinua macho.

"Mdogo wangu, mkono unao," akasema. "Lakini mimi sikulogwa. Nilikula."

Nikacheka cheko la mtu aliyefumaniwa. Nikamwambia, Dada, huyu si wewe bwana, huyu ni Neema, mtu wa kubuni.

"Na hilo kovu la paji la uso upande wa kushoto, Neema kalitoa wapi?" Akasogeza kitambaa cha kichwa, akanionyesha la kwake.

Sikuwa na jibu. Ngoja nikueleze tangu mwanzo, ili ujue kwa nini.

Ukitoka Mbinga mjini, kwenye migomba, kahawa na mashamba ya ngolo ambayo Wamatengo wameyachimba vishimo vishimo kwenye miteremko, barabara inaanza kushuka. Inapinda, inashuka, masikio yanaziba, halafu ghafla ziwa hilo hapo chini, limejaa mpaka milima ya ng'ambo. Kule juu watu wanakula ugali wa mahindi na maharage. Huku chini kwetu, kati ya Mbamba Bay na Liuli, chakula ni muhogo na samaki. Muhogo unashibisha, samaki anajenga. Kimoja bila mwenzake ni njaa iliyovaa nguo.

Muhogo wetu ni ule mchungu. Tunaupenda hivyo hivyo, kwa sababu wanyama hawaufakamii shambani na mwizi hawezi kuung'oa akautafuna njiani. Uchungu wake unatolewa kwa maji na subira. Unamenya, unaloweka siku tatu au nne mpaka unalainika, unaumenyua, unaanika juu ya majabali, unatwanga, unachekecha. Bibi yetu alikuwa akisema muhogo haupikwi, unasubiriwa.

Mwaka 2002 haukuwa mwaka wa kusubiri. Mvua ilikuwa imetupiga chenga, mahindi kidogo tuliyopanda yalikaukia shambani. Wakati ule pwani yetu yote ilikuwa bado wilaya ya Mbinga, hii Wilaya ya Nyasa ya leo ilikuwa haijakatwa. Mimi nilikuwa na miaka minne, Dada kumi na miwili, yuko darasa la tano. Baba alikuwa ameondoka kutafuta kibarua na alikawia kurudi.

Mambo ya siku ile nayajua kwa kusimuliwa, isipokuwa jambo moja ninalolikumbuka mwenyewe: mgongo wa Dada. Nilikuwa naishi mgongoni kwake. Siku iliyotangulia alikuwa amenibeba kutoka shamba la mbali, mimi nyuma kwenye kanga, mzigo wa mihogo kichwani, mwendo wa saa nzima na zaidi. Asubuhi akachukua ndoo kwenda ziwani. Hatua chache tu, miguu ikaanza kutetemeka. Akadhani baridi. Akaanguka, paji la uso likagonga jabali, ndilo kovu lile. Akaamka. Akaanguka tena. Jioni hakuweza kusimama kabisa.

Homa hakuwa nayo. Maumivu ya kulalamikia hakuwa nayo. Siku mbili tatu za mwanzo ulimi ulikuwa mzito na macho yanaona kama kuna ukungu, halafu ulimi ukarudi, macho yakarudi. Miguu haikurudi.

Kabla mwezi haujaisha akaanguka mtoto mwingine wa jirani, hivyo hivyo, na mama mmoja aliyekuwa ananyonyesha. Watatu katika kijiji kimoja. Ungekuwa wewe ungewaza nini? Watu wakawaza walichozoea kuwaza. Shangazi yetu, dada yake Baba, alikuwa mjane asiye na mtoto, na msimu uliopita alikuwa amegombana na Mama juu ya mpaka wa shamba. Mtu mmoja akanong'ona, wa pili akaitikia. Hakuna aliyempiga. Waliacha tu kumwitikia salamu. Asubuhi moja akapanda lori lililokuwa linapeleka samaki Mbinga, na kifurushi kimoja, akaenda zake. Utoto wangu wote jina lake halikutajwa nyumbani kwetu.

Kwa hiyo nilipomwandika yule shangazi wa macho mekundu sikujua kama natunga. Nilidhani nakumbuka.

Sasa nikueleze Dada anavyotembea, maana ndiyo niliyokuwa nikijisifu kuwa nayajua. Hakubaki kitandani. Baada ya majuma kadhaa alianza kukaa, kisha kusimama kwa kushika ukuta, kisha akatembea na fimbo mbili, kisha moja. Hapo ndipo alipofika, na hapo yuko mpaka leo, miaka zaidi ya ishirini. Hakuzidiwa, hakupona. Magoti yake yanavutana ndani, yanasuguana. Mguu mmoja unapita mbele ya mwenzake kama mkasi. Visigino havishuki chini, anakanyagia nyayo za mbele. Watu wanadhani miguu ya namna hiyo imelegea. La, imekaza. Imekaza kama kamba iliyoloa ikakaukia juani. Yaani ubongo unaagiza msuli ulegee, lakini agizo linapotelea njiani kabla halijafika.

Ndala zake zinaisha mbele, kwenye vidole, wakati kisigino bado kipya. Sauti yake naijua hata nikiwa usingizini: fimbo, kwaruu, tap; fimbo, kwaruu, tap. Mchangani ni shida zaidi, vidole vinalima. Shule ilikuwa mbali na njia yote mchanga, basi shule ikaishia darasa la tano. Siku moja Mama alimpatia cherehani ya miguu, ya mtumba, ajifunze ushonaji. Dada akaweka unyayo kwenye pedali, na mguu ukaanza kurukaruka wenyewe, tap tap tap tap, hauachi. Akacheka mpaka akajifuta machozi. "Fundi anashona na mteja hajaja," akasema. Cherehani ile ikauzwa, ikanunuliwa ya mkono. Nguo nilizovaa kwenda sekondari alizishona kwa hiyo.

Turudi jikoni. Nilipoona uchawi umekataliwa, nikajitetea kisomi. Unajua tena sisi tulioishi Dar es Salaam kidogo. Nilikuwa nimeuza vitabu vya mtumba mtaani huko, na katika gazeti moja la zamani la kigeni nilikuwa nimesoma habari za ugonjwa uitwao multipo sklerosisi. Kurasa zile nilizichana nikazihifadhi, nikiamini nimegundua siri ya miguu ya Dada. Nikazileta, nikamfafanulia palepale, yeye anachekecha, mimi nahutubia.

Nikamwambia kwamba katika ugonjwa huo kinga ya mwili inageuka na kushambulia ala inayofunika mishipa ya fahamu, kwenye ubongo na uti wa mgongo, kama panya anavyoguguna mpira wa waya wa umeme. Habari za ubongo zinachelewa au zinakatika. Mara nyingi unaanza mtu akiwa na miaka kati ya 20 na 40, na wanawake wanapata zaidi kuliko wanaume. Pengine jicho moja linaingia ukungu na kuuma. Pengine ganzi mkononi au usoni. Inakaa siku au majuma, inaondoka, mtu anasema nimepona. Baada ya miezi au miaka inarudi kwingine. Taratibu miguu inakuwa mizito, ncha ya mguu inaburuta, mtu anajikwaa pasipo na kitu, anayumba kama amelewa. Aliyekuwa anatembea mpaka sokoni sasa anapumzika katikati ya njia, kesho anashika fimbo, na joto likizidi miguu inazidi kugoma. Uchovu wake si wa kazi. Ni uchovu wa kuamka nao.

Dada alisikiliza mpaka mwisho. Ana adabu hiyo.

"Nawaonea huruma hao," akasema. "Lakini wao ugonjwa wao una misimu. Unakuja, unaondoka, unarudi na mizigo zaidi. Wangu ulikuja siku moja ukaketi, haukusogea tena mbele wala nyuma. Halafu niambie, kama ni jambo la mwili wa mtu mmoja, mbona tulianguka watatu?"

Mimi msomi nikanyamaza. Gazeti lenyewe lilikuwa limeandika kwamba multipo sklerosisi ni nyingi kwenye nchi za mbali na ikweta, Ulaya ya kaskazini na Amerika ya kaskazini, na ni adimu huku kwetu. Mstari huo nilikuwa nimeuruka, kwa sababu ulikuwa unaniharibia ugunduzi.

"Sasa huo wako unaitwaje?" nikauliza.

"Konzo."

Akalitamka kama mtu anayetaja jina la jirani. Nikashangaa amelijulia wapi. Akaniambia wataalamu walipokuja kijijini, mimi nikiwa bado mdogo nacheza, waligonga magoti yake kwa kinyundo, wakawaambia wagonjwa watembee na wanaoweza wakimbie, wakachukua unga wa kila nyumba wakaupima, wakaeleza. Alikuwa anajua miaka yote hiyo.

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Miaka miwili unaniandika, hujaniuliza hata siku moja."

Msomaji, neno hilo lilinichoma kuliko lile la kwanza. Nilikuwa nimechukua kovu lake, fimbo yake, sauti ya ndala zake, nikaacha kumuuliza kilichompata.

Basi nikaanza kuuliza, yeye kwanza, halafu vitabu na mtandao kule Mbinga mjini. Niliyoyapata ni haya. Neno konzo ni la Wayaka wa Kongo, maana yake miguu iliyofungwa. Daktari mmoja Mtaliano, Giovanni Trolli, aliuandika ugonjwa huo mwaka 1938 huko Kwango, wakati Kongo iko chini ya Wabelgiji. Mwaka 1981 ulizuka Nampula, Msumbiji, ukapata zaidi ya watu 1,000, wenyewe waliuita mantakassa. Mwaka 1985, wakati wa ukame, uliwaangusha watu 39 Tarime, kaskazini mwa nchi yetu. Halafu kati ya 2001 na 2003 ukaja kusini, wilaya za Mtwara na Mbinga, zaidi ya watu 200 katika vijiji 27. Mtafiti Mtanzania Nicholas Mlingi, aliyeshiriki uchunguzi wa Tarime, alishiriki na wa huku kwetu.

Mwaka 1996 Shirika la Afya Duniani liliandika alama tatu za kuutambua. Mwendo uliokakamaa miguu yote miwili kwa usawa. Kuanza ghafla, ndani ya wiki moja, kwa mtu aliyekuwa mzima, na baada ya hapo hauendelei. Magoti au vifundo vinavyoruka kupita kiasi vikigongwa, bila ugonjwa wa mfupa wa mgongo. Na wakagawa madaraja: anayetembea bila fimbo, anayehitaji fimbo moja au mbili, na asiyeweza kutembea. Nilikuwa nasoma maelezo ya kidaktari ya mtu aliyenilea.

Kinachofanya hayo ni sayanidi. Muhogo mchungu una kitu kiitwacho linamarini. Ukiulowesha ukalainika au ukiuponda, linamarini inavunjika na kutoa sayanidi, nayo inaondoka na maji au inaruka hewani. Ukiharakisha, nyingine inabaki kwenye unga. Mwili wenyewe unaweza kuivunja nguvu, lakini kwa kazi hiyo unataka salfa, na salfa hiyo unaipata kwenye protini: samaki, nyama, mayai, maharage. Ukame nao unazidisha sumu ndani ya mzizi. Kwa hiyo angalia yalivyokutana: jua kali shambani, haraka jikoni, na sahani isiyo na samaki. Yakiendelea majuma kwa majuma, siku moja baada ya mwendo mrefu, miguu inafungwa. Watoto waliokwisha kuacha ziwa na wanawake wa umri wa kuzaa ndio wanaopatwa zaidi. Dawa ya kuifungua miguu hiyo hakuna. Yapo mazoezi, zipo fimbo, na wengine wamesaidiwa kwa upasuaji wa mshipa wa kisigino. Lakini kuzuia kupo, tena kwa mikono mitupu.

Nilimsomea Dada hayo yote barazani jioni moja, nikitafsiri. Mama alikuwa pembeni anachambua dagaa kwenye ungo. Nilipofika kwenye haraka ya jikoni, mikono ya Mama ikasimama.

"Ni mimi niliyeitoa," akasema.

Hatukuelewa. Akarudia. "Mihogo. Ilitakiwa siku tatu. Niliitoa siku ya kwanza. Ya wiki hiyo, na ya wiki nyingine. Mwera ulikuwa unavuma, ziwa limechafuka, mitumbwi haiingii, dagaa hakuna hata wa kunusa. Na huyu alikuwa analia." Akanionyesha kwa kidevu. "Usiku na mchana analia njaa. Ningemwambia nini mtoto wa miaka minne? Subiri siku tatu?"

Nilitazama chini. Sijui kama umewahi kusikia jambo la namna hiyo kuhusu machozi yako mwenyewe uliyoyasahau.

Dada ndiye aliyesema. "Mama, nimekwambia mara ngapi? Si chungu kimoja."

"Wewe unanifariji tu."

Kumbe walishayazungumza, wao wawili, mimi sipo. Mama alikuwa na mzigo huo tangu mwaka 2002. Ndipo nikajua kwa nini jina la shangazi lilikuwa halitajwi. Si kwa hasira. Ilikuwa aibu ya mtu aliyeacha mwingine abebe kosa, huku mwenyewe akihofia kuwa ni lake.

Nikazipekua karatasi zangu, mikono inatetemeka. Nikamsomea tena polepole, kama mtu anayesoma barua ya ndugu. Kwamba haiji kwa mlo mmoja. Kwamba ni majuma ya unga mbaya bila samaki. Kwamba mwaka ule vilikuwa vijiji 27, si nyumba moja, na wanawake waliolowesha siku moja badala ya tatu walikuwa wengi, maana njaa haina siku tatu.

Mama akauliza, "Vijiji vyote hivyo vilikuwa na mtoto anayelia?"

"Vyote, Mama. Kila nyumba."

Akakaa kimya. Baadaye akarudi kwenye dagaa zake, akachambua mpaka giza likaingia. Usiku, wakati wa kulala, akasema kutoka chumbani kwake, bila kuitwa: "Wifi yangu yuko hai, eti?"

Shangazi alikuwa hai. Yuko Mbinga, pembezoni mwa mji, msimu wa kahawa anachumia watu, msimu usio wa kahawa anauza ndizi. Tulikwenda mwezi wa sita, mimi na Dada, kwa basi la alfajiri. Mama hakuja, alituma dagaa debe zima na kanga mpya. Barabara ya kutoka Mbamba Bay kupanda Mbinga siku hizi ni lami, lakini kutoka barabarani hadi kwa Shangazi ni mteremko wa udongo mwekundu. Shangazi alisimama mlangoni akatuona tangu mbali. Alimwangalia Dada anavyoshuka: fimbo, kwaruu, tap. Hakuwa amemwona akitembea tangu siku zile. Hakuja kutupokea, nadhani miguu yake nayo ilikuwa imefungwa.

Dada akapiga goti kadiri alivyoweza. "Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

Nikaanza kumwaga elimu yangu, sayanidi, salfa, Tarime, Msumbiji. Nilidhani nitamfurahisha. Alinisikiliza kidogo, kisha akaniinulia kiganja.

"Baba, mimi kuwa ni muhogo sikujua. Nilijua tu si mimi."

Akaingia ndani kutupikia. Hatukuambiwa tumesamehewa. Tulipewa ugali wa mahindi na maharage, tukala, na wakati wa kuondoka akamfunga Dada kanga ile mpya ya Mama kiunoni, akasema, "Mwambie mama yako rangi hii ni ya wasichana." Dada anasema huo ndio msamaha. Mimi sijui. Mwandishi mzima, na hapo sina uhakika.

Nimesema kuzuia kupo kwa mikono mitupu. Njia ya kwanza ni ile ya bibi, siku tatu au nne majini, bila kudokoa. Lakini njaa ikikubana, iko njia nyingine iliyotolewa na Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, na wanawake wa Mtwara na Mbinga nao waliifundishwa. Dada ndiye mwalimu wake hapa kwetu, mabinti wanaoolewa wanaletwa kwake. Unaweka unga kwenye bakuli, unatia alama ulipofikia. Unatia maji huku unakoroga, unga unashuka kwanza, unaendelea kutia mpaka unarudi kwenye alama. Unautandaza juu ya mkeka, wembamba usiozidi sentimita moja. Unauacha kivulini saa tano, au juani saa mbili. Sayanidi iliyobaki inaondoka na hewa. Ugali unasonga siku hiyo hiyo. Kule Kongo, kijiji cha Kay Kalenge, wanawake walianza kuutumia utaratibu huu mwaka 2010. Haugharimu chochote zaidi ya mkeka na saa chache. Saa tano, msomaji. Mtoto anaweza kulia saa tano. Siku tatu hawezi.

Wenzangu mnaoandika, sisemi tusiandike uchawi. Watu wanauamini, na riwaya ni ya watu. Ninachosema ni kwamba mimi niliuchukua kwa sababu ulikuwa karibu na rahisi, na nilipotaka kuonekana msomi nikachukua ugonjwa wa gazetini kwa sababu ulikuwa mbali na mzuri kutamka. Katikati ya hivyo viwili alikuwa amekaa mtu mwenye fimbo, anachekecha unga, anajua. Kabla hujampa mtu wako ugonjwa, muulize amekula nini. Muulize na nani alikuwa analia ndani ya nyumba.

Kaunta buku zile nne sikuzichoma, ingawa nilikusudia. Dada alikataa, alisema karatasi ni mali, nyuma yake anakatia vipimo vya nguo. Nimenunua ya tano. Ukurasa wa kwanza hauna mganga. Una ndoo ya maji, mihogo ndani yake, na mwanamke anayehesabu siku kwa vidole. Dada ameshausoma.

"Endelea," amesema.